Mwaka Ule wa Jelato ya Matobolwa

Bi Rukia alizikwa Alhamisi baada ya swala ya alasiri. Wanaume wakiwa bado makaburini, Kabula aliingia kwenye chumba cha wanawake, akavua viatu mlangoni, akaja kuketi kwenye mkeka kando yangu. Sikumtambua mara moja. Alikuwa amenenepa, amevaa miwani, na mtandio aliojifunga kwa heshima ya msiba ulimficha nusu ya uso. Aliponisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, Minza," ndipo nilipogutuka, kwa sababu ile ilikuwa sauti ya mama yake hasa. Nikaitikia, tukapeana mikono, halafu tukatazama mbele kama watu waliokutana kwenye foleni ya zahanati, huku wenzetu wakiendelea kusoma Yasini. Kabula ni binti wa pekee wa mama yangu mkubwa. Mara ya mwisho tulizungumza siku ya mazishi ya mama yake kule Nkoma, Bariadi ikiwa bado wilaya ya mkoa wa Shinyanga na mimi nikiwa msichana wa miaka ishirini. Tangu hapo tulipeana salamu kupitia kwa ndugu, na kila alipokuja huku mimi nilijipatia safari, na nadhani naye alifanya hivyohivyo.

Watu wa Bariadi wananiita Mama Jelato, kwa ile aiskrimu nzito ya Kitaliano ninayouza. Wageni wa serikali wakija kwenye mikutano huletwa dukani kwangu kuonjeshwa, na harusi nyingi za hapa mjini siku hizi hazikamiliki bila ndoo zangu. Wakiniuliza nilianzaje, huwasimulia habari ya Mtaliano wa visima na mashine yake, nao hucheka, hunipongeza, huagiza kikombe kingine. Habari za mama mkubwa siwaelezi. Sikuzifanya siri, na ndugu zangu wote wanazijua, lakini si habari za kumweleza mtu aliyeshika kijiko. Usiku wa matanga, nikiwa nimelala ukumbini kwa Bi Rukia katikati ya wanawake wengine, nilimsikia Kabula akijigeuzageuza karibu nami, na mwaka ule wote ukanirudia.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo yasiyonipeleka popote, nikaletwa mjini kuishi na mama mkubwa Ng'wasi kwenye vyumba vyake viwili, mtaa wa Malambo. Kabula alikuwa Dar es Salaam akisomea uuguzi, kwa hiyo kitanda chake kikawa changu, na godoro lilikuwa bado na bonde la mwili wake. Mama mkubwa alikuwa mama ntilie karibu na jineri, kile kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu ukifunguliwa, wapakiaji wa marobota walijaa kwenye mabenchi yake, nywele zimejaa nyuzi nyeupe, wakila ugali wa mtama na maharage yake ya karanga. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye tabia ya kuonja chakula kwa kukidondoshea kwenye kiganja na kukilamba haraka, kisha kutazama juu kama anayesikiliza mtu anayemwita kwa mbali. Mimi alinitafutia kazi kwa rafiki yake Bi Rukia, mjane wa Kimanyema kutoka Ujiji, aliyekuwa na duka la vitenge na soda jirani na stendi.

Chumba cha nyuma cha duka lile ndicho ninachokiona nikifumba macho. Kulikuwa na friza mbili ndefu, mabunda ya vitenge yaliyofunikwa turubai, meza ya mbao iliyoungua pembeni kwa pasi, na dirisha moja lililotazama ua. Kilinuka vitambaa vipya, dizeli ya jenereta, na udi ambao Bi Rukia aliufukiza kila asubuhi. Humo ndimo Renzo alipoiweka mashine yake. Renzo alikuwa Mtaliano wa makamo, fundi wa kuchimba visima, na kazi yake ilikuwa kule Meatu, Mwandoya hadi Mwanhuzi, ambako maji yako chini sana. Jumamosi alirudi Bariadi akiwa na vumbi hadi kwenye kope. Alituambia kuwa baba yake alikuwa na duka la jelato katika mji mdogo kwao, na yeye alikulia nyuma ya kaunta. Aliporudi kutoka likizo alikuja na mashine ndogo ya kukorogea, nzito kama mawe ya kusagia, akamwomba Bi Rukia hifadhi kwa sababu ya friza na jenereta, maana mwaka ule mgao wa umeme ulikuwa mkali. Bi Rukia alikubali kwa sharti moja.

"Kileo kisiingie humu," alimwambia. "Hata cha kuonjea."

"Hata zabibu zilizolowekwa kwenye ramu? Baba yangu alizifanya hivyo."

"Ziloweke kwenye chai."

Renzo akaziloweka kwenye chai ya rangi yenye iliki. Wasichana wa duka la jirani wakaja kuuliza kuna nini humo ndani.

Wakati ule sisi tulizijua barafu za ubuyu za kwenye mifuko ya nailoni, na wachache waliokwisha fika Mwanza walikuwa wameonja aiskrimu, ile nyeupe inayojaa hewa mdomoni na kwisha kabla hujajua ilikuwa ya nini. Jelato ya Renzo ilikuwa nzito. Ilikaa juu ya ulimi, ikayeyuka taratibu, na ladha yake ikaendelea kuja hata ulipokwisha kumeza. Sitaisahau ile ya kwanza niliyopewa. Ilikuwa ya wali. Mchele wa huku uliokuwa umechemshwa kwenye maziwa hadi ukalainika kabisa, punje bado zikigusika, na ganda la limao kidogo. Nilisimama katikati ya chumba na kijiko mdomoni nikaona aibu, kwa sababu nilitaka kucheka na hapakuwa na jambo la kuchekesha. Jumapili iliyofuata alitengeneza ya mrihani, akachuma majani uani kwa Bi Rukia mwenyewe. Bi Rukia akaonja akasema, "Hii huwa naivaa kwenye nywele, sasa naila," kwa sababu mrihani kwao ni wa kujipamba. Baadaye ikaja ya pilipili manga, ya ufuta uliokaangwa, na ya mafuta ya zeituni yenye chembe za chumvi juu. Mimi nilikuwa nakoroga, naosha, na naonja. Kwa mara ya kwanza tangu niache shule kulikuwa na kitu nilichokiweza bila kuelekezwa mara mbili.

Wakati huohuo nyumbani mama mkubwa alikuwa ameanza kukwamwa. Kwanza alisema ugali wa siku hizi unasagwa vibaya. Kisha akawa anashushia kila tonge kwa maji, akipiga kifua kwa ngumi kidogo kidogo. Tukahamia kwenye wali uliolainishwa, kisha uji, na siku moja nikamkuta jikoni amesimama na kikombe cha uji, ametazama ukutani, anasubiri ushuke. Mtu aliyelisha jineri nzima hakuweza kumeza. Daktari wa hospitali ya wilaya alimkagua akamwambia aende Mwanza, kwenye hospitali kubwa, wamwingize kamera kooni waone. "Mama, usikae," alisema. "Nenda mapema." Mama mkubwa akaitikia vizuri, na tulipotoka nje akasema ataenda msimu wa pamba ukiisha, maana akifunga mabenchi yake sasa wapakiaji watahamia kwa mtu mwingine na hawatarudi.

Jumapili iliyofuata nilimpelekea ya wali, kwenye chupa ya chai ili isiyeyuke njiani. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, shuka mabegani ingawa kulikuwa na joto. Nilimwambia ni barafu ya maziwa ya yule mzungu. Akachukua kwenye ncha ya kijiko, akafumba macho, akameza. Nilikuwa nimezoea kuuangalia uso wake kila anapomeza, ile mikunjo, ile ngumi kifuani. Safari hii ngumi haikuja.

"Imepita, ng'wanone," alisema kwa sauti ndogo, akiniita mwanangu kwa Kisukuma.

Akachukua nyingine, ikapita. Alikula chupa yote, akaniambia nimwambie mzungu kwamba chumvi haitoshi, halafu akalia kidogo huku anajifuta kwa pembe ya shuka. Nilikimbia kurudi dukani, jua likiwa limeshazama, nikawakuta Renzo na Bi Rukia wanafunga. Niliwaambia amekula. Bi Rukia akashika meza akasema alhamdulilahi. Renzo akauliza, "Alisema nini kuhusu ladha?" nikamwambia la chumvi, akacheka. "Baba yangu pia alikuwa ananiambia hivyo."

Kuanzia siku ile jelato ikawa chakula cha mama mkubwa, na mama mkubwa akawa mwonjaji wetu. Renzo aliongeza maziwa na viini vya mayai ili apate nguvu. Nilimpelekea asubuhi na jioni, na Jumapili, akipata nafuu ya kutembea, alikuja mwenyewe kwenye chumba cha nyuma, akaketishwa juu ya bunda la vitenge kama bibi harusi. Sisi watatu tulimzunguka tukisubiri atamke. Ya mafuta ya zeituni alisema, "Huyu amegandisha kibatari." Ya jibini, ambayo Renzo aliisubiri kwa hamu kuliko zote, ilimfanya afikiri kwa muda mrefu. "Inanuka kama kibuyu cha maziwa kilichosahauliwa darini," alisema, kisha akasogeza kikombe. "Ongeza."

Siku moja alimuuliza Renzo kwa nini anatuonjesha vya kwao tu. Renzo akasema hajui vya huku. Basi akaanza kumtajia, na macho yake yalikuwa yanang'aa kwa namna ambayo sikuwa nimeiona tangu nihamie kwake. Alitaka ukwaju, ambao kwa Kisukuma tunauita bushishi. Alitaka furu, yale matunda meusi ya porini yanayopaka ulimi rangi. Alitaka samli yenye chumvi, ile inayoungua kidogo chini ya chungu. Zaidi ya yote alitaka matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa, vikaanikwa hadi vikawa vigumu kama ngozi, ambavyo alivitafuna njiani kwenda shule, na ambavyo sasa hakuweza hata kuvigusa kwa jino. Renzo aliviloweka kwenye maziwa usiku kucha, akaviponda, akaviweka kwenye mashine. Ilitoka jelato ya rangi ya udongo wa kichuguu. Mama mkubwa aliiweka mdomoni akakaa nayo hadi Bi Rukia akamgusa goti.

"Niko Nkoma," alisema. "Niacheni kidogo."

Siku zile ndizo zilizokuwa na furaha kuliko zote za ujana wangu, na sijui namna nyingine ya kulisema jambo hili. Nilikuwa naamka kabla ya jua nikiwaza ladha. Nilipanda gari la Renzo kwenda kutafuta furu, nikarudi na vidole vyeusi. Watu wa stendi walianza kuja kuulizia, kisha walimu, kisha makarani wa jineri, na Bi Rukia akatoa vitenge kwenye rafu moja kupisha vikombe. Tuliuza bushishi, tukauza furu, na matobolwa yalikuwa yanakwisha kabla ya saa sita mchana. Na kila ladha mpya ilitoka kwenye koo la mgonjwa. Nililijua hilo hata wakati ule. Nilikuwa nakaa miguuni pake jioni, namkanda nyayo, namwita mayu, yaani mama, na kumuuliza, "Mayu, na mlipokuwa wadogo mlikula nini wakati wa kupalilia?" na akijibu, nusu yangu ilikuwa inamsikiliza mama mkubwa na nusu ilikuwa tayari dukani.

Kabula alipiga simu kila baada ya wiki kwenye simu ya Bi Rukia. Mara nyingi mama yake hakuwepo karibu, hivyo nilipokea mimi.

"Mama anaendeleaje? Niambie kweli."

"Anakula."

"Anakula nini? Mara ya mwisho ulisema hata uji haushuki."

"Jana alikula vikombe viwili vya matobolwa. Amepata na mwili kidogo."

Nilimsikia akishusha pumzi upande ule. Akacheka, akaniuliza jelato ni kitu gani, nikamweleza kwa kirefu, na aliponiambia atakuja likizo ndefu badala ya kuomba ruhusa chuoni, nilimwambia ni sawa. Nilimwambia ukweli mtupu. Alikuwa anakula. Alikuwa amepata mwili. Nimeyarudia maneno yale mara nyingi nikitafuta uongo ndani yake, sijaupata, na nadhani ningepumua zaidi kama ningeupata.

Msimu wa pamba ukaisha. Renzo alisema ana safari ya Mwanza kufuata vipuri, gari lina nafasi, tumpeleke mama mkubwa. Tulikuwa mezani kwa Bi Rukia, sisi tunakula pilau, yeye yuko na kikombe chake. Mama mkubwa alinigeukia mimi, sijui kwa nini mimi, mdogo kuliko wote pale.

"Unaonaje, Minza?"

"Naona umenawiri, mayu," nilisema.

Alitabasamu, akamwambia Renzo asubiri safari nyingine, kwa sababu furu zilikuwa zinakaribia kwisha porini na alitaka tuzitengeneze mara moja zaidi. Bi Rukia aliacha kula. "Ng'wasi, daktari alisema usikae," alimwambia. Mama mkubwa akajibu kwamba hakai, anakula. Tukacheka wote, na Bi Rukia naye akacheka mwishoni, ingawa alichelewa.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Nkoma kuchukua matobolwa nyumbani kwa kaka yake mama mkubwa. Nikiwa nje nikifunga gunia niliwasikia wanawake wakizungumza kwenye nyumba ya kupikia, kwa Kisukuma, bila kujua kwamba niko karibu.

"Koo linaoza, wao wanalimwagia barafu."

"Nimeambiwa amepona, anakwenda mpaka stendi kwa miguu."

"Amepona na hali ugali?"

Nilirudi mjini nimechukia. Nilimweleza mama mkubwa, nikitegemea atachukia nami. Alikuwa amelala, mkono chini ya shavu. "Waambie waje waonje," alisema, kisha baada ya muda, bila kunitazama, "Ni kweli sili ugali." Niliposikia vile nilijua. Nadhani nilijua. Nikainuka nikaenda kuloweka viazi.

Jelato ilikataa kupita siku ya Jumapili, mbele yetu sote. Ilikuwa ya furu. Aliweka mdomoni, akafumba macho kama kawaida yake, akameza, na tukaona koo likipanda na kushuka na kupanda tena. Kisha ikarudi, nyeusi, kwa mdomo na kwa pua. Bi Rukia alimshika kichwa. Mama mkubwa alijifuta, akaomba radhi kwa kuchafua kitenge, akajaribu tena, ikarudi. Renzo alizima mashine. Nje kwenye stendi mpiga debe alikuwa akiita abiria wa Lamadi.

Kesho yake tulimpeleka Mwanza. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, mpole, na baada ya vipimo alituita mimi na Bi Rukia pembeni, kwenye korido yenye mabenchi ya bluu. Alituuliza shida ilianza lini, nikamwambia. Akatutazama.

"Mlikuwa wapi muda wote huo?"

"Alikuwa anakula," nilisema.

"Alikuwa anakula nini?"

Nilishindwa kulitamka lile neno pale. Bi Rukia ndiye aliyemjibu. Daktari hakutugombeza. Alieleza kwamba vitu laini na vya baridi hupita hata njia ikiwa imebaki nyembamba kama bua, na kwamba sasa imeziba, na ugonjwa umeshaenda kwenye ini. Nilimuuliza kama tungekuja mapema ingekuwaje. Alivua miwani akaifuta kwa koti. "Hilo siwezi kukwambia, dada. Huenda tungefanya kitu. Huenda isingesaidia." Nilimwomba aseme moja kati ya hayo mawili. Akasema hawezi, na mpaka leo hakuna aliyeweza.

Walimwekea mpira tumboni wa kupitishia maziwa. Alirudi Bariadi, akaishi muda mfupi, na katika muda huo hakuonja chochote. Mdomo wake ulikauka, nami nikawa naulowesha kwa pamba. Mara moja nilimuuliza kama nimguse ulimi na jelato kidogo tu, asimeze, apate ladha. Alitikisa kichwa. Alisema amechoka na ladha, anataka maji, na maji hayakupita. Alifariki asubuhi, Bi Rukia akiwa amemshika mkono, mimi nikiwa nimetoka kuchemsha maziwa ya mpira wake.

Kabula alifika Nkoma siku ya mazishi, basi lilikuwa limeharibika njiani, na jeneza lilikuwa limekwisha fungwa. Wakalifungua kwa ajili yake. Nilikuwa nimesimama nyuma yake ili nimshike akianguka. Hakuanguka. Alimtazama mama yake, ile mifupa iliyobaki, kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mbele ya ukoo wote.

"Kila nilipopiga simu uliniambia anakula," alisema.

Hakusema kwa ukali. Wajomba walimvuta pembeni, wanawake wakaanza wimbo, na mimi nikabaki pale, mikono imenining'inia. Wale waliosema habari ya barafu hawakuhitaji kuongeza kitu.

Mkataba wa visima uliisha mwaka huohuo. Renzo alituachia mashine. Aliniambia nisipoitaka niiuze, na alipokuwa akinishika mkono kuniaga, uso umekuwa mwekundu, akaniambia kwa Kiswahili chake kwamba na yeye analala vibaya. Miezi kadhaa sikuigusa. Watu walikuja wakiulizia matobolwa, nikawaambia hakuna. Bi Rukia alinivumilia, halafu asubuhi moja akaweka gunia la viazi mezani, akatoka bila kusema kitu. Niliviloweka. Nilipokwisha kukoroga nilionja, kwa sababu huwezi kuuza usichokionja, na ilikuwa tamu kama siku ya kwanza. Nilitarajia ulimi wangu ungekataa. Nilitaka ukatae. Nikala kikombe kizima nimesimama palepale, na adhuhuri tukafungua duka. Kwa hiyo nyumba ninayoishi, na karo za watoto wangu, na jina ninaloitwa mjini, vimetoka kwenye yale mazungumzo ya jioni ya kukanda nyayo. Mchungaji wangu aliwahi kuniambia nimshukuru Mungu kwamba nilimpa mgonjwa raha katika siku zake za mwisho. Alisema vizuri. Lakini yeye hakuwepo mezani nilipoulizwa naonaje.

Siku ya tatu ya msiba wa Bi Rukia, baada ya hitima, Kabula alikuja dukani kwangu. Basi lake lilikuwa linaondoka baadaye mchana. Alisoma majina ya ladha yaliyoandikwa ukutani, moja baada ya jingine, midomo ikicheza, kisha akaomba matobolwa. Nilimpakulia mwenyewe, msaidizi wangu akanishangaa. Tuliketi meza ya pembeni. Alikula taratibu. Yeye sasa ni muuguzi mkuu, amewaona wengi wa ugonjwa ule, na nilijua anaelewa kuliko mimi kilichotokea ndani ya koo la mama yake mwezi kwa mwezi. Nikaona ni heri nitangulie kabla hajasema. Nikaanza kumwomba radhi kwa zile simu. Alinizuia kwa kiganja.

"Nilitaka uniambie hivyo," alisema. "Nilikuwa na mitihani, nilikuwa na mchumba, sikutaka kuja. Kila nikipiga nilikuwa naomba Mungu useme anakula."

Akakoroga kilichobaki kwenye kikombe.

"Mwaka ule mlikuwa mnacheka? Bi Rukia aliwahi kuniambia mlikuwa mnacheka sana."

"Tulikuwa tunacheka."

"Na mama?"

Ningeweza kumpunguzia. Nilifikiria kumpunguzia. Lakini kila nilichowahi kumwambia kuhusu mama yake kilikuwa kweli, na sikuona naanzaje kubadilika.

"Kuliko sisi wote," nilisema.

Kabula alivua miwani akaiweka mezani, akatazama nje kwenye barabara, pikipiki zikipita na vumbi lake. Miaka yote nilijiandaa kwa siku atakayoniambia nimechangia kifo cha mama yake, na majibu nilikuwa nayo, ya kujitetea na ya kukubali.

"Basi ulikuwa mwaka mzuri," alisema. "Na mwaka huo ulipaswa kuwa wangu, Minza. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake."

Alimalizia kikombe, akavaa miwani, akaniomba nimsindikize stendi. Nilimbebea begi. Alipopanda alikaa dirishani upande wangu, akanipungia mkono mara moja, gari likaondoka.